Kanda ya Harusi

Kila alipopata hedifoni mpya, Mbwana Shekue alizijaribu kwa kanda ile ile: taarabu ya harusi yake, iliyorekodiwa upande wa wanawake. Nyingine zilikuwa na besi ya kuchosha, nyingine ziliifanya fidla ilie kama mbu. Hizi za leo alizinunua kwa kuuza pikipiki yake, na muuzaji alimwapia kwamba ukizivaa husikii hata mashine ya kusaga.

Akazivaa. Fidla ikaja safi, na nyuma yake, kwa mara ya kwanza, akasikia bangili zikigongana na shangazi wa bibi harusi akinong'ona, "Lakini umempenda?"

"Nitamzoea," ikajibu sauti ya mkewe.

Akairudisha kanda. Neno likawa lile lile, karibu kana kwamba mkewe yuko ubavuni mwake.

Na kweli alikuwa ubavuni mwake, mkekani, akichambua mchele.

"Safari hii umepata, Baba Tima?"

"Nimepata. Hebu sikiliza na wewe."

Akamvisha, akairudisha kanda tena. Vidole vya mkewe vilitembea juu ya ungo, vikasita, vikaokota chuya moja, vikaendelea.

"Na ulinizoea?" akamuuliza.

Mkewe hakuinua uso. Muuzaji hakumdanganya.

Wimbo ukaisha. Kanda ikafika mwisho, ikajizima yenyewe, na mkewe alikuwa bado amezivaa, ameinamia mchele ambao haukuwa tena na cha kuchambua.