Hodi ya Tatu

Mizigo yote ilikwisha kufungwa isipokuwa jamvi la wageni. Mzee Mbaraka na mkewe walikuwa wanaukimbia ubaridi wa mji ule, lakini walikuwa bado hawajakubaliana wanahamia wapi.

Mzee alilipiga kofi daftari lake, alimoandika joto la miji miwili, wa bara na wa pwani, kutoka redioni kwa miezi sita. "Bara joto ni kavu na jioni kuna upepo. Huko pwani kwako, Mama Nuru, utaoga mara tatu na bado utanata!"

"Nitaoga mara nne! Bara nilikaa siku tisa kwa dada yako. Hakuna aliyebisha hodi hata siku moja."

"Hodi haipozi mwili."

"Na upepo hausalimii mtu, Baba Nuru."

"Hodi!" Dereva wa lori alikuwa mlangoni, amekuja kuuliza wanaelekea wapi. Kila mmoja alimwachia mwenzake aitikie, kwani atakayeitikia angelazimika kutaja mji ambao hawajakubaliana.

"Hodi jamani!"

Mama Nuru alilitandika jamvi kwenye sakafu tupu, akaketi, akamtazama mumewe. Mzee akafunua daftari. Asiyeitikiwa mara tatu huenda zake, na dereva yule alikuwa mtu wa adabu. Walimsikia akikohoa, kisha akivuta pumzi.