Ndege ya Kopo la Rangi

Fundi mageti aliizunguka ndege mara tatu, kisha akalipiga tairi teke, kama afanyavyo mtu anayenunua gari kuukuu.

"Taratibu," alisema binti wa kampuni ya rangi, akimpa fomu. "Hujasaini, bado si yako."

Ilikuwa ndege ndogo, nyeupe, ya viti vinne, imechorwa kopo la rangi ubavuni. Fundi alikuwa ameishinda kwa kununua kopo moja la lita nne. Siku ile yeye na mkewe walikwenda dukani kununua rangi ya nyumba yao mpya, na kama kawaida yao kila mmoja alilipia kopo lake: yeye la nje, mkewe la ndani. Ndivyo walivyoijenga nyumba ile kwa miaka kumi na moja. Saruji ya huyu, mabati ya yule, na kila mmoja na bahasha yake ya risiti, ili siku wakinuniana asitokee wa kudai nyumba ni yake peke yake. Kuponi ya bahati nasibu ilitoka pamoja na risiti, Fundi akaijaza palepale na kuisahau.

"Kusema kweli, wewe ni wa pili," binti aliendelea. "Aliyeshinda kwanza amekataa."

"Amekataa ndege?"

"Aliisoma barua yetu yote, akaandika chini, 'Hapana, asante,' akaturudishia nakala. Hata chai hakunywa."

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyo hazimtoshi," alisema, akagonga kichwa chake kwa kidole. Kisha akasaini mahali patatu bila kusoma hata mstari mmoja.

Nyumbani hakusema neno. Mkewe alikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani, mtu asiyepokea hata kadi ya harusi bila kuigeuza nyuma. Fundi alitaka kumshtua kwa furaha. Tangu enzi za uchumba alimwahidi kumpandisha ndege, na mpaka leo alikuwa amempandisha ngazi tu. Jumapili angempeleka uwanja wa ndege amemfunga macho kwa mtandio wake mwenyewe.

Furaha ilidumu siku mbili. Siku ya tatu aliitwa na afisa wa kodi.

"Zawadi ni mapato," alisema afisa. "Tunahesabu kana kwamba umelipwa bei yote ya ndege."

"Lakini sikulipwa hata senti, mkuu."

"Najua. Ila kodi tunaipokea kwa fedha." Akaandika kiasi kwenye karatasi, akaigeuza. Fundi alihesabu sifuri, akairudia hesabu, akafuta moja kwa kidole akidhani ni uchafu. Haikufutika.

"Siku thelathini," alisema afisa.

Pale uwanjani meneja alikuwa na lake. Maegesho hulipwa kwa siku, ndege iruke isiruke. Bima ni lazima. Ukaguzi ni kila mwaka, na mhandisi wake hutoka mbali na hulala hotelini. Halafu kuna rubani.

"Nikiiacha tu ikae?" aliuliza Fundi.

"Ikikaa huharibika upesi kuliko ikiruka."

"Nikiiuza?"

"Mnunuzi utampata. Labda mwakani."

Akampigia simu binti wa kampuni. Angeweza kuirudisha? "Ungekataa kabla ya kusaini, isingekugharimu chochote," alijibu kwa upole. "Yule wa kwanza alilijua hilo."

Kuanzia hapo Fundi alianza kumheshimu yule mtu wa kwanza. Alitamani amjue, amnunulie chai, akae miguuni pake afundishwe. Alimwaza mpaka akachomelea komeo la geti la mteja upande wa bawaba, ikabidi akate na kuanza upya.

"Hivi," alimuuliza mkewe asubuhi moja, akijifanya anatafuta soksi, "kitu cha bure kikija huko kwenu forodhani, nacho hutozwa?"

Mkewe alimtazama kidogo. "Vya bure ndivyo tunavyoviona vikiozea pale. Kwa nini?"

"Basi tu."

Siku zikayoyoma. Aliuza jenereta, akauza pikipiki, na bado hakufika hata robo. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Kilichobaki cha kuweka rehani benki kilikuwa nyumba, na hati yake ilikuwa na majina mawili. Bila saini ya mkewe isingepokelewa.

Jumamosi mchana alipiga moyo konde. Alimkuta mkewe chumbani, juu ya ngazi, akimalizia kona ya mwisho kwa rangi iliyobaki katika kopo lake. Fundi aliweka hati mezani, na juu yake ile barua ya pongezi yenye picha ya kopo. Akasema yote, tangu teke la tairi mpaka sifuri isiyofutika. Aliiogopa ngazi ile kuliko benki.

Mkewe alishuka polepole. Hakufoka. Aliisoma barua mpaka mwisho, akaigeuza nyuma, akajifuta mikono na kwenda kuchukua bahasha yake ya risiti.

"Na mimi nina jambo nilikuficha, baba watoto," alisema. "Niliogopa ungesononeka."

Akaweka mezani barua nyingine, yenye kopo lilelile na pongezi zilezile, ila ya tarehe ya nyuma kidogo. Chini yake, kwa mwandiko wa mkewe, yalikuwapo maneno mawili: Hapana, asante.