Fundo la Shekiondo

Mzee Shekiondo alikuwa ameshauacha mji nyuma, mzigo begani, anahamia msitu mwingine, maana wa kwao alishaumaliza kwa mitego ya waya. Namkunda akamkuta njiani, kuku kwapani.

"Shemeji, kabla hujaenda, nifungie huyu miguu kwa waya huu."

"Mjane hata kuku anakushinda?" Akacheka, akatua mzigo, akafunga.

Kule kila mtegaji ana fundo lake, ili nyama isigombewe. Wategaji wengine wote Namkunda alishawafungisha kuku, alibaki huyu. Akatoa kangani kitanzi chenye kutu, kile kilichomnasa mguu mumewe, mlinzi wa msitu, ukaoza mpaka akafa. Fundo lilikuwa lile lile.

"Nilimtegea paa, shemeji, si mtu."

"Paa naye ana mwenzake. Haya, geuka. Utaitegua mitego yako yote kwa mikono yako." Panga Namkunda alikuwa nalo.

Walitegua hadi masika. Shekiondo alipoteza vidole viwili, akafa kwa homa humo humo msituni. Namkunda hakuolewa tena. Kuku aliliwa na kicheche. Paa wamerudi, wachache. Kitanzi kinaning'inia juu ya mlango wa Namkunda, kimeachwa wazi.