Bangili ya Kinga

Kila nyumba ina bangili moja ya kinga, na mwili wa anayeivaa ndio pekee unaopigana na maradhi. Ikifungwa, haifunguki mpaka mwezi uishe. Siku zote huivaa mama mkwe wangu, Bi Mwanakheri, kwa sababu ya kifua chake.

Binti yangu Nuriati alipata choa shingoni. Duara likatambaa hadi shavuni, kimya, bila hata wekundu.

“Linakuwasha?” nilimuuliza kila asubuhi, nikiomba aseme ndiyo, maana mwili unaopigana huwasha, huvimba, hukohoa.

“Wala, mama.”

Mwezi ulipoisha, Bi Mwanakheri alimfunga mjukuu wake ile bangili.

“Mama, na kifua chako?”

“Mimi nimekula chumvi nyingi, mwanangu. Huo ni uso wa mtoto wa kike.”

Kesho yake Nuriati aliamka akijikuna na kulia, shavu jekundu limevimba. Nilimshukuru Mungu. Siku ya kumi choa kilikuwa kinanyauka.

Nikampelekea bibi yake uji. Kanga aliyozoea kumfunika nayo Nuriati ilimteleza begani, nikaona maduara mpaka tumboni.

“Yanakuwasha, mama?”

“Wala, mwanangu,” akatabasamu. “Na kikohozi nacho kimetulia.”