Gurudumu Lisilo la Kiwandani

"Saa ni halisi," nilimwambia mama aliyeniletea saa ya marehemu mumewe niithamini ili aiuze. "Ila gurudumu moja la meno humu ndani si la kiwandani. Litashusha bei."

"Basi weka la kiwandani."

Nikalichomoa kwa kibano, nikalileta kwenye lenzi ili nilidharau vizuri. Nikakosa pa kulidharau. Meno yalilingana yote, na hata upande wa chini, ambao mteja yeyote asingeuona maishani, ulikuwa umeng'arishwa. Miaka thelathini nafungua saa za watu, na mkono wangu haujafika hapo.

"Nani alichonga hili?"

"Si yeye marehemu! Kwenye meza yangu ya jikoni, kwa katupa kake ka kusugulia chuma. Wiki tatu tunakula sahani zikiwa mapajani. Nilimnunia huyo!"

Nikamsogezea lenzi. "Hebu angalia, mama."

Akainama. Saa zangu za ukutani ziligonga, zikanyamaza, yeye bado ameinama.

"Kwa hiyo niliagize hilo la kiwandani?"

Alijifuta jicho kwa ncha ya mtandio.

"Fundi," akasema, "nifungie saa yangu."