Uji wa Mzazi

Zawena alikisukuma tena kikombe cha uji wa pilipili manga. "Wanga ni sumu, mama. Nitakula nyama na mayai tu mpaka tumbo lirudi."

Mama mkwe alimsogezea mtoto kifuani. Mtoto mchanga alinyonya kidogo, akaliachia titi, akalia kwa hasira. Zawena mwenyewe alikuwa akihema kama aliyepanda mlima, na pumzi zake zilinuka kama mapera yaliyoiva kupita kiasi.

Mama mkwe akakimbilia dirishani, akawaita majirani. "Tafuteni gari! Mzazi wetu amejinyima wanga tangu ajifungue, sasa hayuko sawa!" Kisha akarudi, akamsogezea kikombe mdomoni.

"Tumbo litarudi, mwanangu. Wewe je?"

Zawena alikipokea kwa mikono miwili. Nje, injini ilianza kunguruma. Uji ulitikisika hadi ukingoni, na midomo yake bado imefumbwa.