Viti vya Msiba

Bi Mwanakombo alimkuta Kibwana, mkodisha viti, akifagia banda tupu.

“Mume wangu amezikwa asubuhi. Nataka viti na turubai.”

“Pole sana, mama. Vyote viko uwanjani. Mheshimiwa anatangaza leo kwamba ule ugonjwa umekwisha.” Akashusha sauti. “Na wakikuuliza, sema alikuwa na presha.”

“Alikuwa anakohoa.”

“Najua, mama.”

Bi Mwanakombo akarudi nyumbani, akatandika mkeka uani. Hakuna jirani aliyekuja; mtaa mzima ulikuwa mkutanoni. Vipaza sauti vilimletea vigelegele huku kahawa ya wageni ikipoa birikani.

Jioni Kibwana akaja na mkokoteni kutoka uwanjani. Akavipanga viti vyote safu kwa safu, vibendera vya chama vikiwa bado vimefungwa migongoni. Kisha akakalia kimoja, ili mfiwa asikae peke yake.

“Wewe ndiye wa kwanza kuja,” Bi Mwanakombo akasema, akimmiminia kahawa.

Kibwana akapokea kikombe, akageuza uso pembeni, akakohoa. Akakohoa tena.

Bi Mwanakombo akauvuta mkeka wake nyuma kidogo, halafu kidogo tena, hadi mgongo wake ukagusa ukuta.